Nyumba Ngeni na Siri Zake: Kutoka Mzimu wa Abdulla hadi Mpaka wa Busia

Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Wapo wanaosema "hila yake", na wapo walimu wanaowasahihisha papo hapo. Maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu, lakini si ndugu. Ila ni dosari: paa linalovuja, ukuta wenye ufa. Hila ni ujanja, njama ya mtu. Kwa maoni yangu, riwaya ya taharuki ya Kiswahili imesimama hapo hapo, kati ya maneno hayo mawili. Mhusika huingia katika nyumba ngeni akidhani ameona ila. Kufikia ukurasa wa mwisho amegundua hila.

Tuanze na Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58, na kitabu kikachapishwa 1960. Maiti inapatikana mahali pa mizimu, na jambo jepesi ni kuitupia mizimu lawama. Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni, hakubali. Yeye humtafuta binadamu mwenye sababu ya kutenda. Katika Kisima cha Giningi (1968), hata jina la kitabu linamkumbusha Mzanzibari makao ya wachawi. Bado siri za Abdulla mara nyingi huishia kwenye mambo ya duniani kabisa: nani ni mtoto wa nani, na mali ni ya nani.

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyorithiwa na riwaya za vijana nchini Kenya. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma 1965, alitoa Siku Njema mwaka 1996. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama, anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Amani anafika Sokomoko na kuajiriwa kwa Mtemi Nasaba Bora. Kwa macho ya mpita njia, ni kijana mchunga ng'ombe aliyepata riziki. Kumbe boma lile linahusika na kifo cha babu yake, na mswada aliouandika mwenyewe umeibwa na Majisifu, nduguye mtemi. Amani hakufika kwa bahati mbaya. Amekuja kulala ndani ya nyumba ili aijue.

Kwa nini basi nikutaje wewe, Burumba? Fikiria binti wa miaka kumi na sita ambaye wazazi wake wamehamia mtaa huo wa Busia, hatua chache kutoka Uganda. Nyumba ni ya kupanga, majirani ni wa kila kabila. Ng'ambo ya pili kuna mji mwingine, nao unaitwa Busia. Akienda kaskazini hadi Malaba atakuta hali ile ile: jina moja, nchi mbili. Atasikia Kisamia na Kiteso pande zote mbili. Akiuliza sababu, ataambiwa, "Mpaka ndivyo ulivyo." Yaani ni ila tu ya nyumba, izoee.

Historia inasema vingine. Hadi Machi 1902, eneo hili lilikuwa katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamishia mkoa huo kwa jirani, himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mtu alilala Uganda akaamka kwingine bila kuhamisha hata chungu. Amri ya 1926 kutoka Uingereza ikaeleza mstari huo kwa maandishi, ukifuata mito kama Sio, Malaba na Lwakhakha. Mto ambao watu waliuvuka kwenda kuoa na kuzika ukageuzwa ukuta. Februari 1976 Idi Amin akafufua habari hiyo kwa kudai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya. Ufa wa 1902 ulikuwa umefunikwa tu, haujazibwa.

Wenyeji nao walijifunza kuishi na ufa huo, na lugha ikafaidika. Baiskeli zilizobeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha vya Busia ndizo zilizotupa boda boda, neno ambalo sasa liko Afrika Mashariki nzima. Baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipaa duniani, na kahawa ya Uganda ikapitishwa usiku kuingia Kenya, hasa kupitia Chepkube, kule Bungoma. Neno magendo likawa la kila siku. Kuna nyumba zilizojengwa kwa pesa hizo, na watoto waliokulia humo hawakuambiwa.

Mambo haya si ya kale tu. Kwa miongo mingi, vijana katika kaunti kadhaa za mpakani walipoomba kitambulisho walihojiwa na kamati kuhusu asili yao kabla ya kukubaliwa kuwa Wakenya. Rais William Ruto alitangaza kuukomesha utaratibu huo Februari 2025. Swali lililoulizwa pale ni lile lile la Bwana Msa: wewe ni mtoto wa nani? Tofauti ni kwamba kitabuni, anayeulizwa ni mshukiwa. Huku aliulizwa kijana ambaye hakuchora mstari wowote.

Ndiyo maana nawasihi waandishi wetu wasikimbilie mapepo na milango inayojifunga yenyewe kila wanapotaka kumtisha kijana. Yule binti wa Burumba ana taharuki ya kutosha nyumbani kwake. Anachohitaji ni kitabu kitakachomwonyesha kwamba ufa anaoupita kila siku akienda shule uliwekwa na watu, katika mwaka unaojulikana, kwa sababu zinazoweza kupelelezwa. Akiambiwa ni ila, atainama apite. Akijua ni hila, atauliza.