Kabla ya Risasi

Sisi Wakenya tunajua vifo vya watu wetu mashuhuri kuliko tunavyojua maisha yao. Muulize mtu kwenye matatu kuhusu Tom Mboya, atakuambia alipigwa risasi nje ya duka la dawa pale Government Road, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969. J.M. Kariuki? Mwili ulipatikana Ngong, Machi 1975. Robert Ouko? Got Alila, Februari 1990. Halafu linakuja lile swali letu la miaka yote: nani aliwatuma wauaji?

Swali ni la haki, sikatai. Lakini limemeza kila kitu. Marehemu amegeuka kesi, na kesi zenyewe hazikwishi.

Ndiyo maana riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, Dust, ilinikaba koo. Inaanza na mauaji: Odidi Oganda anakimbia katika barabara za Nairobi huku polisi wakimfuata, nchi ikiwa katika joto la uchaguzi wa Desemba 2007. Kurasa chache tu, ameanguka. Nani alifyatua risasi si fumbo sana. Fumbo ni huyu aliyekufa. Dadake, Ajany, anarudi kutoka Brazil, na badala ya kusaka bunduki anamsaka nduguye: alilala wapi, alimpenda nani, ilikuwaje akafika pale. Tunakutana na mhandisi, mchezaji wa raga, mtu aliyekataa kumezwa na ufisadi mpaka milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, akaishia kwenye genge. Taarifa ya habari ingemmaliza kwa maneno mawili: jambazi sugu.

Hayo maneno nayajua. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana aliyekuwa akituchajia simu kwa betri ya gari kila stima ikipotea. Siku aliyouawa, redio ilisema "mshukiwa" na bastola moja. Betri haikutajwa. Mamake aliiuza wiki iliyofuata ili amalizie deni la jeneza.

Sasa mchukue Pio Gama Pinto. Aliuawa tarehe 24 Februari 1965 nje ya nyumba yake huko Westlands, mtoto wake mdogo akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kisilu Mutua alifungwa kwa mauaji hayo, akatoka mwaka 2001 akiwa mzee, na muda wote huo alisema hakuua. Wengi wetu tunaishia hapo, kwa sababu hadithi ya Kisilu nayo inatosha kumliza mtu.

Lakini Pinto alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1927, familia yake ikiwa ya asili ya Goa. Akasomeshwa India, akarudi, akajitosa kwenye magazeti na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1954 wakoloni walimkamata, wakamweka kizuizini Takwa, kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Siku hizi watalii wanavuka kwa mashua kwenda Takwa kutazama magofu ya msikiti wa kale, wapige picha, warudi kula samaki. Yeye aliachiliwa 1959, na kabla hata ya kujipanga alianza kutafutia familia za wafungwa wenzake msaada. Alipouawa alikuwa mbunge, na zilikuwa zimebaki wiki tano atimize miaka 38. Kumbe alikuwa kijana! Kwenye picha zile nyeusi na nyeupe kila mtu anaonekana mzee.

Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo historia naisoma bila mtihani mbele yangu. Naona Owuor anafanya jambo ambalo tume zetu za uchunguzi hazijawahi kufanya. Nyipir, babake Odidi, aliwahi kuwa polisi, na yale aliyoyaona baada ya Mboya kuuawa ameyafungia kifuani kwa miaka karibu 40. Hakuna wakili anayemtoa maneno. Ni binti yake, anayetaka kujua kaka aliishi vipi. Kila akiuliza habari za Odidi, mzee anajikuta amerudi 1969, na nyumba nzima, kule nyikani kaskazini, inaanza kuongea.