Iringa, 1983–1988: Nani Alipunguza Utapiamlo?



Kila tukichangishana huku ughaibuni kwa ajili ya watoto wa nyumbani, mjadala huwa ni uleule: tupeleke mizani, dawa, au unga wa lishe? Mimi leo naomba turudi Iringa kidogo.

Mwaka 1983 serikali yetu, pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, ilianzisha mradi wa lishe uliofikia vijiji 168 vya mkoa huo (Njombe wakati ule ilikuwa bado imo ndani yake). Kila miezi mitatu kijiji kilikuwa na Siku ya Afya. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito, na kadi ikaonyesha rangi: kijani, kijivu au nyekundu.

Sasa, kupima si jambo geni. Jipya ni kwamba majibu hayakuishia kwenye faili la wilaya. Yalijadiliwa palepale kijijini, wazazi na viongozi wao, na swali likaulizwa: huyu kwa nini yuko kwenye nyekundu? Pengine kaugua surua, malaria au kuhara. Pengine mama yuko shamba toka alfajiri, na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku. Hilo la pili halina sindano, jamani. Dawa yake ni kijiji kukaa na kukubaliana, kwa mfano kuweka mahali pa kulishia watoto mchana.

Kufikia 1988 utapiamlo mkali, kwa kipimo cha uzito, ulishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mwaka 1990 UNICEF iliingiza fikra hiyo katika mkakati wake wa lishe wa dunia nzima.

Lakini tusijisifu mno. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu Iringa ni asilimia 56.9, juu kuliko mkoa wowote, na huko mahindi ni tele! Najua urefu na uzito ni vipimo viwili tofauti, msinirukie. Ila swali ni lile la zamani: chakula kipo, je, nani anamlisha mtoto, na mara ngapi?

Mchango wangu nitatoa. Ila kabla hatujanunua mizani, tuulize kwanza: majibu yatasomewa nani, na nani atakaa kuyajadili?

Naomba kuwasilisha.