Mtoto Huyu Hasikii: Historia Fupi ya Nta ya Sikio

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi ya maneno matatu. Kusikia ni kupokea sauti, ni kuelewa, na ni kutii. "Unasikia lakini?" mama anamuuliza mtoto, na jibu analolingoja halihusu masikio hata kidogo. Mtu msikivu tunamsifu kwa tabia yake. Na mzazi akilalamika kwamba "mtoto huyu hasikii", jirani haulizi kama amepelekwa hospitali. Anauliza kama amechapwa.

Methali nazo zimesimama upande huohuo. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtu akikataa ushauri tunasema ametia pamba masikioni, au nta ukipenda. Yaani kwa lugha yetu, sikio lililoziba limezibwa na mwenyewe, kwa kusudi na kwa kiburi.

Wapenzi wa fasihi watakumbuka kwamba nta ya masikioni ina kisa maarufu zaidi. Katika Odisea ya Homer, Odysseus anajua kwamba jahazi lake litapita karibu na Masireni, viumbe ambao wimbo wao huwavuta mabaharia hadi kwenye maangamizi. Anachukua nta ya nyuki, anailainisha kwa viganja na joto la jua, anawaziba wenzake masikio, halafu yeye mwenyewe anafungwa kwenye mlingoti ili asikie bila kufa. Huko nako kuziba ni uamuzi. Lakini kuna nta nyingine, ambayo hakuna aliyeamua kuitia, nayo ina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Hiyo ndiyo nataka tuifuate leo, kwa sababu mwisho wa safari yake unafika hadi madarasani kwetu.

Tuanze na jina. Macho tumeyapa matongo, pua tukaipa kamasi, lakini kwa sikio tukaenda kuazima kwa nyuki: nta ya sikio. Hatuko peke yetu. Neno la kitabibu, cerumen, linatokana na cera, yaani nta ya nyuki kwa Kilatini. Waingereza na Wafaransa nao wamekwenda kwenye mzinga uleule. Inaonekana watu wa kila mahali walitazama ule ute wa njano au wa kahawia wakaona kitu chenye kazi.

Na kazi inayo. Nta ni mchanganyiko wa mafuta ya tezi ndogo na ngozi iliyokufa. Hunasa vumbi na wadudu, huzuia maji yasiloweshe ngozi, na uchachu wake huwapa vijidudu wakati mgumu. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na nta hutengenezwa kwenye theluthi ya nje tu. Ngozi ya ndani nayo ina tabia ya ajabu: huota kutoka kwenye ngoma ya sikio kuelekea nje, polepole kama ukucha unavyokua, ikibeba nta na taka zake. Kila tunapotafuna, taya hulisukuma gurudumu hilo. Kwa watu wengi basi, sikio hujifagia lenyewe.

Tatizo huanza pale gurudumu linapokwama. Wengine wana tundu jembamba, wengine wana vinyweleo vingi, wazee nta yao hukauka, na wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia huwa wameziba njia ya kutokea. Nta hujikusanya, ikawa kizibo. Mwenye sikio anaanza kusikia dunia kana kwamba iko chumba cha pili, huku sauti yake mwenyewe ikimvumia kichwani kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, Mroma aitwaye Aulus Cornelius Celsus aliandika kitabu cha tiba kiitwacho De Medicina, na ndani yake akaeleza la kufanya. Kama ndani ya sikio kuna gamba, weka mafuta ya moto kiasi, lilainike, kisha osha kwa maji ya vuguvugu na ulitoe kwa kijiti maalumu cha masikio. Kama taka ni laini, kijiti kinatosha. Kama ni ngumu, tumia siki na kidogo cha nitrum. Hiyo nitrum ni chumvi ya asili ya jamii ya magadi yetu, haya haya tunayochemshia maharage na kande. Sasa nenda duka la dawa ukaulize matone ya kulainisha nta. Utapewa ya mafuta, au yenye sodiamu baikaboneti, ndugu wa karibu wa magadi. (Nakuomba lakini usichote ya jikoni ukayatia sikioni!) Ni matibabu machache ambayo Mroma wa karne ya kwanza angeyatambua akiingia kliniki ya leo. Hili ni mojawapo.

Celsus alikuwa na ushauri wa kutisha pia. Kama kitu kama kijiwe kimekwama na kimekataa kutoka, mgonjwa alazwe ubavu juu ya ubao, sikio bovu likitazama chini, afungwe asidondoke, halafu ubao upigwe nyundo upande wa miguuni ili mtikisiko ukitoe kile kitu. Nikisoma hapo huwa namhurumia mgonjwa, lakini pia namheshimu mwandishi. Hakumhubiria mgonjwa juu ya tabia. Alidhani kuna kitu ndani, akatafuta namna ya kukitoa.

Vijiti vya masikio vya Kiroma, vya shaba na vya mfupa, vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya. Vina kijiko kidogo mwishoni, na mara nyingi vilitungwa pamoja na kibano na kifaa cha kusafishia kucha, mtu akatembea navyo. Karne nyingi baadaye, meli ya kivita ya mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, Mary Rose, ilizama mwaka 1545. Ilipoibuliwa na vitu vyake kukusanywa, miongoni mwa mali za mabaharia vilikuwamo vijiko vya masikio. Mtu anakwenda vitani, na mfukoni ana upinde, visu, na kijiko cha kukunia sikio.

Barani Asia kazi hii ilipata wataalamu wake. Mitaani Delhi na miji mingine ya India wapo wasafisha masikio wanaotambulika kwa kilemba au kofia nyekundu, vifaa vyao vikiwa vimechomekwa humohumo: sindano ndefu ya kuviringishia pamba, na kibano. Kule Chengdu, China, mteja anakunywa chai bustanini, na fundi anapita akiligongesha koleo lake la chuma lilie, ndiyo tangazo lake. Ana vijiko na manyoya laini. Japani kazi hii ni ya nyumbani zaidi. Kila familia ina kijiti chake cha mianzi, chenye kijiko upande mmoja na kishada cha manyoya meupe upande wa pili, na mtoto hulaza kichwa mapajani mwa mama.

Kwa nini kijiko kikavu kiliota mizizi hivyo mashariki ya Asia? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2006, pale wanasayansi wa Japani walipoonyesha kwamba aina ya nta huamuliwa na badiliko dogo katika jeni moja, ABCC11. Watu wengi wa mashariki ya Asia wana nta kavu, inayobanduka kama magamba. Waafrika na Wazungu, kwa sehemu kubwa, tuna ile ya majimaji inayonata. Kijiko cha mianzi huichukua kavu bila shida. Ya kwetu inataka kulainishwa na kuoshwa, kama Celsus alivyosema.

Lakini kuna jambo moja linalowaunganisha hawa wote, fundi wa Delhi, mnywa chai wa Chengdu na mtoto wa Kijapani: mkono unaosafisha ni wa mtu mwingine. Sikio ni mahali ambapo mwenyewe hawezi kupaona. Ngozi yake ni nyembamba mno na ina mishipa mingi ya fahamu. Kuna hata tawi la neva linalowafanya baadhi ya watu wakohoe wakiguswa humo. Kwa hiyo kumkabidhi mtu sikio lako ni kumwamini. Raha yake na hofu yake vinatoka palepale.

Ulaya, karne ya 19, suala likawa la kuona. Mwaka 1841 daktari wa Kijerumani, Friedrich Hofmann, alieleza matumizi ya kioo chenye tundu katikati kwa ajili ya kumulika ndani ya sikio. Na mjini Dublin alikuwapo daktari William Wilde, aliyeanzisha hospitali ya St Mark's mwaka 1844 na kutoa kitabu cha upasuaji wa masikio mwaka 1853. Zama hizo masikio yalikuwa mali ya matapeli. Mtu akisema hasikii, alimiminiwa chochote. Wilde alitaka kwanza watazame. Husimuliwa kwamba alikuwa akisema uziwi uko wa aina mbili: wa nta, unaotibika, na usio wa nta, usiotibika. Ni utani wa daktari aliyechoka, na tiba imesonga mbele sana tangu hapo. Hata hivyo ndani ya utani kuna utaratibu: kabla ya kumhukumu mtu kuwa kiziwi, hakikisha hajazibwa tu.

Ndiyo, Wilde huyohuyo. Mwanawe Oscar ndiye aliyeandika The Importance of Being Earnest. Oscar alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900, akiwa na miaka 46, na waandishi wengi wa maisha yake wanaeleza kwamba maradhi ya sikio yalisambaa hadi kwenye utando wa ubongo. Baba alikuwa amekufa tangu 1876.

Kisha ikaja pamba. Mwaka 1923 Leo Gerstenzang, mhamiaji wa kutoka Poland aliyeishi Marekani, alianza kutengeneza vijiti vyenye pamba tayari. Inasimuliwa kwamba alimwona mkewe akiviringisha pamba kwenye kijiti cha meno ili amsafishe mtoto. Aliviita Baby Gays, na baadaye vikajulikana dunia nzima kama Q-tips. Kwa miongo kadhaa sasa pakiti zenyewe zimekuwa zikionya kwamba visiingizwe ndani ya sikio, na bado huko ndiko vinakokwenda. Mtu aliweza kujisafisha peke yake, bafuni, bila kumwomba yeyote. Gharama yake ni kwamba kijiti kinene cha pamba hufuta kidogo na kusukuma kingi, kikiipeleka nta kule ndani ambako gurudumu la ngozi haliwezi kuirudisha. Msemo wetu wa kutia pamba masikioni ukapata maana ambayo wahenga hawakuikusudia.

Raha ya kuzibuliwa naijua mwenyewe. Mwaka juzi niliogelea baharini, maji yakaivimbisha nta, sikio la kulia likafunga kabisa. Nilifanya mahojiano matatu nikiwa nimegeuza shingo kama kuku. Baada ya siku kadhaa za matone ya mafuta, nesi alinishikisha kibakuli cha chuma chini ya sikio, akajaza bomba maji ya vuguvugu, akaanza. Kwanza ni kishindo, kama mvua kwenye bati. Halafu kitu kikaachia. Niliisikia feni. Nilisikia kalamu ya nesi ikikwaruza daftari, na kola ya shati langu ikisugua shingo. Nilicheka kwa sauti, naye akaniambia, bila kuinua macho, "Wote mnacheka."

Mimi ni mtu mzima, nilijua nimeziba, na nilikuwa na nauli ya kwenda kliniki. Mtoto wa darasa la pili hana hata kimoja. Kama sikio lilianza kufunga polepole, hajui kwamba wengine wanasikia zaidi yake. Huko Kiambu, Kenya, watafiti waliwapima mwaka 1992 watoto wa shule zaidi ya 5,000, na karibu asilimia 9 walikuwa na nta iliyoziba. Utafiti wa shule za Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1996 ulilikuta tatizo hilohilo, mjini na vijijini. Si kila mmoja wa watoto hao alikuwa amepoteza usikivu, maana nta huweza kujaa na sauti bado ikapita pembeni. Lakini piga hesabu ya darasa lenye watoto 60, mwalimu anayeandika ubaoni huku amewapa mgongo, na mvua kwenye bati. Wale watano wanaambiwa nini wakijibu swali ambalo halikuulizwa?

Wanaambiwa hawasikii. Na kwa kuwa neno hilo kwetu lina hukumu ndani yake, fimbo inafika kabla ya tochi.

Na hii si kazi ya vijiti na mafuta ya kila nyumba. Sikio linaweza kuwa na usaha, au ngoma iliyotoboka, na hapo maji na matone yasiyo na uangalizi huleta madhara. Ndiyo maana anayetakiwa ni mtu wa kutazama kwanza, mwenye taa na kifaa cha kuchungulia, kama Wilde alivyokuwa aking'ang'ania. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, na maji ya vuguvugu hayajawahi kuwa dawa adimu.

Methali zetu sitaki zifutwe. Zinasema kweli juu ya wakaidi, na wakaidi wapo. Ninachoomba ni utaratibu tu: mtoto akiwa hasikii, achunguliwe sikio kwanza. Likikutwa safi, basi hapo ndipo tumtafutie methali.