Waridi la Mwitu la Uhabeshi

Ndugu mkulima, ukisikia waridi labda wafikiria bustani za wakubwa tu. Kumbe nyanda za juu za Ethiopia, mita 2,000 na zaidi, liko waridi la mwitu, jeupe, linanukia vizuri. Waamhara huliita kega. Mwingereza John Lindley alilitia kitabuni mwaka 1820, lakini wakulima walikwisha kulijua zamani: miiba yake ni boma, ng'ombe hapenyi shambani. (Mawaridi yanayopelekwa Ulaya kwa ndege siku hizi ni mengine kabisa.) Matunda yake mekundu huchumwa na watoto machungani, na chakula kikiadimika hata watu wazima huyategemea. Huliwa nyama ya nje. Mbegu, zina vinyweleo vya kuwasha, hutemwa.