Mstari wa Kadi ya Kliniki

Kadi ya kliniki ambayo akina mama wa Tanzania na Kenya huitunza pamoja na vyeti vya nyumbani ina asili yake Nigeria. Katika miaka ya 1950, David Morley, daktari wa watoto kutoka Uingereza aliyefanya kazi Ilesha, alifuatilia afya ya watoto wa kijiji cha Imesi-Ile. Mchoro aliouandaa ulikuwa rahisi sana: miezi chini, kilo pembeni, mistari miwili iliyopinda ikipanda sambamba kama kingo za barabara. Kadi yenyewe akamkabidhi mama, badala ya kuifungia kabatini. Uzuri wa mchoro huo ni kwamba unaonyesha mwelekeo, jambo ambalo rejista iliyojaa tarakimu hulificha. Mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 8 bado yumo barabarani, na anayesoma tarakimu hiyo peke yake atamruhusu aende zake. Lakini ikiwa miezi mitatu nyuma alikuwa na kilo 8 hizo hizo, mstari wake umelala, na hiyo ni hatari inayoonekana kabla mtoto hajakonda.

Mistari hiyo miwili ya mfano imewahi kulaumiwa, na kwa haki, kwa kuwa vipimo vilivyotumika kwa miaka mingi vilitokana na watoto wa Marekani, wengi wao wakinyweshwa maziwa ya chupa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya, vilivyotokana na watoto walionyonyeshwa wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba grafu haishibishi. Utafiti uliofanywa kusini mwa India na kuchapishwa mwaka 1993 haukuona kwamba kujaza kadi kuliongeza faida juu ya elimu ya lishe iliyotolewa bila kadi. Nakubali, ila naona hoja hiyo inagusa kadi inayojazwa kisha ikafungwa. Mkoani Iringa, Tanzania, mradi wa lishe ulioanza mwaka 1983 uliwapima watoto hadharani, kadi zikiwa na rangi ya kijani, kijivu na nyekundu ambazo hata asiyejua kusoma alizielewa, kisha matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji. Huko swali likawa mtoto anakula mara ngapi kwa siku, na nani anamlisha mama akiwa shambani. Vijiji vikaanzisha vituo vya kuwalishia watoto.