Kanyaruchinya: picha zinazowekwa juu ya sauti

Kanyaruchinya imejaa watu na kuachwa tupu zaidi ya mara moja. Katikati ya mwaka 2012, vita vya M23 viliwasukuma watu wa Rutshuru hadi hapo, kaskazini mwa Goma. Tarehe 18 Novemba waliihama kambi kwa saa chache, na siku mbili baadaye Goma ikaanguka. Mwaka 2022, M23 ilipoteka tena Kiwanja na Rutshuru, turubai zilirudi juu ya mawe yaleyale ya lava. Februari 2025 zikaondolewa, baada ya kundi hilo kuuteka mji na kuwaamuru watu warudi makwao.

Kila mara kamera zilikuja. Mama akihojiwa, sauti yake husikika dakika mbili, lakini uso wake huonekana sekunde chache tu. Muda uliobaki hujazwa na picha za nyongeza: foleni ya bidoni, watoto, moshi wa Nyiragongo. Hupigwa mbiombio kabla gari halijarudi mjini. Foleni ya 2012 ikiwekwa juu ya sauti ya 2022, nani nje ya Kivu atatambua? Aliyesimama kwenye foleni hiyo atatambua.

Goma imelijadili jambo hili hadharani. Filamu ya Mholanzi Joris Postema, Stop Filming Us (2020), iliuliza kama mgeni anaweza kuuonyesha mji huu bila kurudia picha za vita na taabu. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa, Wakongomani, walijibu kwa Stop Filming Us But Listen, wakitumia pia picha zilizopigwa kwa ajili ya filamu ile ya kwanza.

Picha ya nyongeza iliyo nzuri huonyesha kile ambacho mama anakisema: jiwe linaloshikilia turubai kwa sababu kigingi hakiingii kwenye lava, jetoni ya chakula iliyochakaa, chukudu iliyobeba godoro. Kwa anayeogopa kujulikana, wengi hupiga mikono badala ya uso. Wanasahau kitenge, majirani humtambua mtu kwa kitenge haraka kama kwa sura, na sasa wengi wamerudi kuishi kati ya majirani hao.

Mahema hayapo tena. Mzazi anayetaka kumwonyesha mtoto mahali alipozaliwa, mwaka 2023 kwa mfano, atahitaji picha pana, ile yenye barabara, safu za mahema na mlima nyuma, ambayo wapiga picha wengi waliiruka wakikimbilia machozi.