Safari ya Umisheni Nchini Rwanda

Katika miaka hii 25 ya kwaya yetu, safari ya Rwanda haisahauliki. Fedha tulizokuwa tumechanga zilikuwa za sare mpya. Kikao kilikuwa kirefu, na wenzetu wengine walitoka wamekasirika. Mwishowe tulikata shauri kwenda na sare zetu kuukuu.

Tulipitia Malaba na Kampala, tukavuka mpaka wa Gatuna, ambapo dereva alihamia upande wa kulia wa barabara. Tulifika Musanze usiku, chini ya mlima Karisimbi wenye urefu wa mita 4,507. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja. Kabla ya kuimba, tulipewa majembe tukachimba mitaro pamoja na wenyeji.

Jumapili tuliimba nyimbo zetu za Kiswahili. Walisikiliza kwa heshima, ila wachache walielewa. Ndipo mama mmoja mzee akaanzisha Tukutendereza. Kanisa zima lilisimama, nasi tukaitikia bila karatasi.

Uamsho ulioueneza wimbo huo Afrika Mashariki uliwaka Gahini, huko huko Rwanda, miaka ya 1930, na mwaka 1937 wahubiri wake walifika Kenya. Tulidhani tunawapelekea Injili. Kumbe tulikuwa tunawashukuru kwa niaba ya wazee wetu.

Sare tulishona miaka miwili baadaye, na hakuna aliyenung'unika. Sifa na utukufu ni kwa Mungu.